Mkalimani Hana Jina

Nakala yangu ya Kisses from Katie si yangu hasa. Imepigiwa mistari kwa wino wa waridi, na pembe za kurasa zimekunjwa, yote kazi ya binti mmoja wa Texas, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, aliyekuja kanisani kwetu nje ya Kitale Julai 2019. Walikuwa kumi na wawili na walikaa siku kumi na mbili. Siku ya kuondoka alinipa kitabu, akanikumbatia, akasema hiki ndicho kilichomleta Kenya. Sikukisoma. Kilikaa juu ya kabati miaka kadhaa, kikishika vumbi. Mwaka huu nimekisoma mara mbili: mara ya kwanza nikifuata maneno yaliyochapishwa, mara ya pili nikifuata wino wa waridi tu. Nakwambia, ni vitabu viwili tofauti.

Kwa ambao hamjakutana nacho: kilitoka 2011, kikaingia katika orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana. Mwandishi, Katie Davis, ni msichana wa Brentwood, Tennessee. Desemba 2006, akiwa na miaka 18, alikaa wiki chache Uganda. Alipomaliza shule ya upili alirudi 2007 kufundisha watoto wa chekechea karibu na Jinja. Nyumbani aliacha gari la manjano, mpenzi, na wazazi aliowaahidi kwamba ataenda chuo. Ahadi alijaribu kuitimiza. Alirudi Marekani, akaanza masomo, akayaacha, akapanda ndege tena. Alipokuwa na miaka ishirini na kidogo tayari alikuwa analea wasichana 13. Sheria ya Uganda inataka anayemwasili mtoto awe na miaka 25, kwa hiyo wakati ule alikuwa mlezi tu machoni pa serikali, ingawa nyumbani aliitwa mama. Shirika aliloanzisha linaitwa Amazima, neno la Kiganda lenye maana ya ukweli.

Ninyi wasomaji wa jarida hili najua mnachongoja sasa. Mnangoja nicheke. Tangu Binyavanga Wainaina alipochapisha How to Write About Africa katika Granta mwaka 2005, sisi Wakenya tunaosoma tumejua kumcheka mzungu mkombozi. Teju Cole aliongeza kuni 2012. Mwaka 2016 ikaja Barbie Savior kule Instagram, mwanasesere anayepiga selfi na watoto yatima. Halafu 2023 HBO wakatoa Savior Complex, na hapo kicheko kilikatika, kwa sababu filamu hiyo inahusu Mmarekani mwingine kijana, Jinja hiyohiyo, aliyefungua kituo cha watoto wenye utapiamlo bila kusomea udaktari, na watoto wengi wakafia pale.

Yote hayo yalihitajika kusemwa. Lakini kicheko kimekuwa rahisi mno, yaani mtu anakipata kabla hajafungua kitabu. Halafu mimi ni Mkristo. Bado naamini. Siku hizi nakaa viti vya nyuma, karibu na mlango, lakini nakaa. Kwa hiyo swali langu kwa kitabu hiki na kwa barua zote za aina yake si kama mwandishi ni mzungu. Nauliza: humu ndani, nani ana jina?

Uandishi huu una historia yake. Agosti 1806 wanafunzi watano wa chuo cha Williams, Massachusetts, walinyeshewa wakiwa wanasali nje, wakajikinga kando ya rundo la nyasi kavu, na hapo wakaazimia kwenda nchi za mbali. Miaka minne baadaye, 1810, bodi ya kwanza ya Wamarekani ya kupeleka wamisionari ng'ambo ikaundwa. Kiangazi cha 1886, huko Mount Hermon, wanafunzi 100 walijitolea kwa mkutano mmoja tu. Hao walikuwa wanazungumzia maisha yao yote. Aliyeondoka hakujua kama atarudi. Kisha 1957 mwanafunzi aitwaye George Verwer na wenzake wawili wakatumia likizo yao ya kiangazi kwenda Mexico na lori la vitabu vya Injili. Kutokana na safari hiyo likatokea shirika la Operation Mobilisation, na wazo kwamba misheni inaweza kuingia ndani ya likizo ya mwanafunzi na kwisha kabla muhula haujafunguliwa.

Likizo hiyo wao wanaiita kiangazi. Kitale, Julai ni matope na baridi, na mahindi yamekupita kimo. Wageni wetu walikuja na malapa.

Safari inapokuwa fupi, barua ndiyo inakuwa ndefu. Kabla ya kusafiri mwanafunzi anaandika ya kuomba msaada: hivi ndivyo Mungu alivyoniita, hiki ndicho kiasi kinachohitajika, hii ndiyo aya yangu, niombeeni. Akirudi anaandika ya shukrani, nayo ina mwendo wake. Barabara ilikuwa mbaya. Watoto hawana kitu lakini wana furaha. Kuna mtoto mmoja aliyenishika mkono na hakutaka kuuachia. Mwisho kabisa: nilidhani naenda kutoa, kumbe nilienda kupokea.

Hiyo sentensi ya mwisho naiheshimu. Wengi wanaoiandika wanamaanisha. Shida ni kwamba inaishia pale ilipopaswa kuanza. Ulipokea nini? Kutoka kwa nani? Aliyekupa alikuwa amekitoa wapi? Najua wiki ile kanisa letu lilichinja kuku wangapi, na najua ni wa kina nani, kwa sababu wawili walikuwa wa mama yangu.

Sasa nirudi kwa Katie, maana namdai haki yake pia. Kitabu chake ni bora kuliko ukoo wake. Kati ya sura kuna vipande vya shajara, na humo mwandishi hajipambi sana. Anachoka. Anakasirika. Anatoa watoto funza miguuni, anaosha vichwa, anapika chakula cha kulisha watoto wa Wakaramoja wa Masese, na kesho yake anaanza upya, kwa sababu funza hawasikilizi ushuhuda. Alijifunza Kiganda. Muhimu zaidi, alibaki.

Wino wa waridi hauoni kurasa hizo. Wino unafuata machozi. Katie akisikia sauti ya Mungu moyoni, mstari. Katie akisema ulimwengu wake wa zamani haumtoshi tena, mistari miwili na nyota. Kwenye funza, hakuna kitu. Karibu na mwisho kuna sehemu ambayo naiona kuwa bora kupita zote: mama mzazi wa mtoto mmoja anarudi kumdai, na Katie analazimika kumwachilia mtoto aliyemlea tangu akiwa mdogo sana. Uchungu wake nimeusikia, hauigizwi. Lakini pale ndipo nilipomwona mwanamke wa Uganda anayetaka kitu ambacho si msaada, na anakipata. Kwa muda mfupi kitabu kinakuwa na watu wazima wawili. Ukurasa huo ni msafi, hauna hata alama, pembe yake imenyooka.

Hapo ndipo lawama yangu inapoanza. Katie anawapenda watoto na anawaandika kwa majina. Watu wazima wa Jinja anawaweka pembeni. Wapo, wanasaidia, baadhi anawashukuru, ila mara chache wanaachiwa kufikiri. Mtoto ni rahisi kumwandika kwa sababu habishani. Msomaji wa miaka kumi na tisa kule Texas akimaliza kitabu anatoka na picha ya nchi yenye watoto wengi na Mungu mmoja, na katikati hakuna mtu. Ndipo anakata tiketi. Akifika anatukuta sisi.

Nieleze nilivyokuwa mimi alipotukuta. Nilikuwa nimeacha chuo miezi mitatu kabla. Sikufukuzwa, sikuanguka mtihani. Karo iliisha. Mama alikuwa ameuza mtamba kulipa muhula uliotangulia, na hapakuwa na mtamba mwingine. Nilirudi nyumbani na begi na godoro, nikawa naulizwa kila siku likizo itaisha lini. Pasta alipohitaji mkalimani wa wageni alinichagua kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kimelipiwa.

Jumapili ya pili binti yule alitoa ushuhuda. Nilisimama kando yake na kipaza sauti cha pili. Alieleza habari za kitabu, za Katie, za jinsi Mungu anavyomwambia aache chuo kama Katie alivyoacha. Alisema Mungu hahitaji digrii ya mtu, na kwamba digrii inaweza kuwa sanamu. Alisema yuko tayari kutorudi darasani Septemba.

Mama alikuwa benchi la tatu.

Nikanyamaza kidogo, watu wakadhani nimezidiwa na Roho. Halafu nikasema: "Anasema elimu ni zawadi ya Mungu. Mwenye kuipata aishike kwa mikono miwili, na asiyeipata Mungu hajamsahau."

Kanisa zima likasema Amina. Binti akafurahi sana, akaendelea.

Nyumbani mama aliniuliza huku akipepeta maharagwe: "Yule mgeni alisema hivyo kweli?"

"Karibu hivyo, mama."

Akaendelea kupepeta. Sidhani kama aliniamini.

Nimejitetea kwa njia nyingi tangu siku ile. Utetezi wangu ninaoupenda unatoka kwenye riwaya ya Barbara Kingsolver, The Poisonwood Bible, ya 1998. Mhubiri wa Georgia anaenda Kongo 1959 na mke na mabinti wanne. Anajiona ameiva kiasi cha kutumia neno la kienyeji, bängala, kumsifu Yesu kwamba ni wa thamani. Kwa namna anavyolitamka anakuwa amesema Yesu ni mti wa sumu, na analirudia Jumapili baada ya Jumapili. Mwalimu Anatole, anayemtafsiria mahubiri, yumo ndani ya riwaya kama mtu mzima mwenye msimamo na siasa na mapenzi yake. Kingsolver alielewa jambo ambalo barua za misheni hazilielewi, kwamba kati ya mhubiri na kanisa kuna mtu amesimama, na mtu huyo anaamua. Hata hivyo wanaosimulia riwaya yote ni mama na mabinti zake, Wamarekani watano. Anatole tunamjua kwa hisani yao.

Barua ya binti yetu niliiona Oktoba. Pasta alitumiwa nakala, akanionyesha kwenye simu yake. Ilikuwa imeandikwa vizuri, nisidanganye. Matope yalikuwepo, na mtoto wa kushika mkono alikuwepo. Kisha ikaja Jumapili ya pili: nilipowaambia niko tayari kuacha chuo kwa ajili ya Yesu, kanisa zima lilisema Amina. Kuhusu mimi kulikuwa na maneno machache tu, kwamba walisaidiwa na mkalimani wa huko.

Nilicheka mpaka pasta akashangaa. Usiku ule sikucheka. Nilifikiri juu ya kuacha chuo. Katie kuacha chuo ni sura katika kitabu. Binti wa Texas, angeacha, ingekuwa ushuhuda wa kuzunguka nao makanisani. Mimi kuacha chuo ni jambo ambalo shangazi zangu wanalisema kwa sauti ya chini. Tendo ni lilelile. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kitu cha kuachilia, na mimi niliachiliwa. Aina hii ya uandishi haina mahali pa kuweka mtu aliyepoteza bila kutoa sadaka. Hata imani yangu ilipata shida hapo, kwa sababu lugha yote niliyofundishwa ya kumfuata Yesu ilikuwa ya kuacha vitu, na mimi sikuwa nimeacha, nilikuwa nimenyang'anywa.

Nilikaa na uchungu huo, nikauona kuwa wa haki, mpaka nilipofungua daftari langu la mwaka wa kwanza.

Agosti 2018 nilikwenda misheni na CU ya chuo, Pokot Magharibi. Basi lilipita Kapenguria, likateremka Ortum hadi Marich, tukaingia upande wa Sigor tukiimba. Tulikaa wiki moja, tukienda boma kwa boma. Mimi nilikuwa katibu wa kundi letu, kwa hiyo ripoti niliandika mimi. Iko kwenye daftari kwa mwandiko wangu: nyumba zilizotembelewa 118, waliookoka 64, waliorudi kwa Bwana 31. Kuna aya juu ya barabara. Kuna aya juu ya ukarimu wa wenyeji licha ya hali yao. Kuna mtoto. Naapa, kuna mtoto aliyenishika mkono.

Sisi hatukujua Kipokoti. Siku zote saba nilitembea na mvulana wa kidato cha tatu aliyekuwa akigeuza Kiswahili changu. Katika ripoti nimeandika: tulisaidiwa na mkalimani wa huko.

Maneno yaleyale. Mimi, mtoto wa Kitale, mwendo wa saa chache tu kutoka Sigor. Kwa hiyo wale mnaodhani shida ni rangi ya ngozi, mimi ni shahidi wa upande wa pili. Aina ya uandishi ndiyo iliyoniandikia ripoti. Anayelipa nauli ndiye anayesomewa, naye anataka kusikia kilichompata mjumbe wake. Wenyeji wanatosha wakiwa idadi.

Mtu atasema ndivyo barua za kuomba na kushukuru zilivyo, utafanyaje. Mimi nasema hapana, maana tunayo moja ya zamani inayofanya kinyume. Waraka wa Paulo kwa Warumi, pamoja na theolojia yake yote, ni barua ya mtu anayepanga safari. Sura ya 15 inasema wazi kwamba anataka kwenda Hispania na anatumaini Warumi watamsaidia njiani. Halafu sura ya 16, ile tunayoiruka kwenye ratiba ya kusoma Biblia kwa mwaka, ni majina. Fibi wa Kenkrea. Priska na Akila. Trifena na Trifosa. Mama yake Rufo, ambaye Paulo anamhesabu kuwa mama yake pia.

Utaniambia hao ni watu wa Rumi, kwa hiyo Paulo anawasalimia wafadhili wake, ni ujanja tu wa kuchangisha. Sawa, nami niliwaza hivyo. Ila shuka mpaka aya ya 21 hadi 23. Hapo anawataja waliokuwa naye upande wa pili, alipoiandikia barua. Gayo, aliyemkaribisha nyumbani kwake. Erasto wa hazina ya mji. Tertio, aliyeshika kalamu, ambaye anaruhusiwa kuingiza salamu zake mwenyewe katikati ya barua ya bosi. Wa mwisho kabisa ni Kwarto. Hakuelezwa kazi, hakuelezwa alifanya nini. Ametajwa jina, na neno moja tu baada yake: ndugu.

Kama mhakiki, hicho ndicho kipimo ninachopendekeza. Chukua barua yoyote ya misheni, ya Texas au ya CU, au kitabu kizima kama cha Katie, utafute Gayo na Tertio na Kwarto. Nani aliwalaza? Nani aliyashika maneno? Nani alikuwepo tu? Kisses from Katie inapita kwa nusu, na nusu hiyo imeipita barua ya binti yetu mbali. Ripoti yangu ya 2018 haipati hata alama moja.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule mvulana. Ilichukua siku nne. Mwenzangu mmoja wa CU, ambaye sasa ni mwalimu huko Ortum, aliuliza watu, wakauliza watu, ikapatikana namba. Siku hizi ni mtu mzima, anaendesha boda. Jina lake nimeliandika pembeni mwa Warumi 16 katika Biblia yangu, jirani na Kwarto. Hapa silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa.

Nilimpigia jioni. Hakunikumbuka. Aliniuliza tulikuwa wa chuo gani, maana kila Agosti wanakuja. Nilimweleza lile basi, zile nyimbo, shati langu la kijani. Hakuna kitu. Basi nikamwomba radhi kwa kutoandika jina lake, akasema hiyo si neno.

Nilipotaka kukata nikakumbuka benchi la tatu. Nikamuuliza kama kuna siku nilisema jambo yeye akawaambia watu jambo lingine.

Alicheka muda mrefu, nikasikia pikipiki ikizimwa.

"Mengi, ndugu yangu," akasema. "Mengi sana."